Kizibo cha f7

"Mwalimu, wewe katikati unapaogopa."

Mzee aliyasema hayo bila kuniangalia, huku anaokota kete zake nyeupe moja moja na kuzitia kwenye mfuko wa kitambaa. Hakuwa ananicheka. Alisema kama fundi anavyomwambia mwenye baiskeli kwamba ringi imepinda. Jua lilikuwa linazama ng'ambo, upande wa Kongo, na mwanga wake wa mwisho ulikuwa umetambaa mpaka kwenye ubao wetu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Mei. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu katikati ya mwezi ili samaki wapumzike, kwa hiyo kijiwe chetu hapa Mwanga, Kigoma, kilijaa wavuvi ambao jioni kama ile wangekuwa wanaandaa taa na nyavu. Meza mbili za drafti zilikuwa zinagongwa vizibo na kelele zake zote. Ya tatu, ya pembeni kabisa chini ya mwembe, ndiyo yetu sisi wachache wa sataranji, yaani chess. Nilikuwa na kete nyeusi. Nilifungwa kwa hatua 26.

Kufungwa na Mzee si habari. Nimefungwa naye mara nyingi na nikalala usingizi mzuri.

Usiku ule sikulala.

## Farasi wa kufukuzwa

Mnaonisoma siku zote mnajua kete zinavyotembea, kwa hiyo sitaanzia huko. Nataka tu mzione hatua tano za kwanza za ulinzi ninaoucheza nikiwa mweusi, maana neno la Mzee limo humo ndani.

Mweupe anasukuma askari aliye mbele ya mfalme vyumba viwili, e4, yaani chumba cha nne kwenye njia ya e. Wengi wetu tulifundishwa kumkabili palepale kwa e5, askari uso kwa uso na askari. Mimi namtoa farasi, f6. Ukimtazama haraka utadhani anamtisha yule askari. Kumbe anamwita: njoo unifukuze. Askari anakuja, e5. Farasi anaruka d5, katikati kabisa ya ubao, lakini anapita tu. Mweupe anaongeza d4. Nami nagusa kidogo, d6. Anakuja askari wa tatu, c4, na farasi anaondoka tena, b6. Na kama aliyeketi mbele yangu ni Mzee, hatua ya tano haina mjadala: f4.

Simama hapo uutazame ubao.

Farasi wangu mmoja ametembea mara tatu. Kete zangu nyingine, ukiacha askari wa d6, ziko palepale zilipopangwa. Upande wa pili wamesimama askari wanne kwa safu, c4, d4, e5, f4, kama mgambo siku ya sherehe. Mpita njia asiyejua ataniuliza kama nimeanza kujifunza jana.

Hesabu ya mweusi ni hii. Askari harudi nyuma. Kila anaposonga mbele anaacha nyuma yake vyumba ambavyo hatavilinda tena maishani mwake. Askari wanne waliotangulia mapema hivyo wanataka kulindwa, na kete za kuwalinda bado hazijatoka. Mweusi anampa mweupe katikati ili katikati iwe mzigo wa mweupe, kisha anaanza kuipiga kutoka pembeni: farasi c6, askofu f5, baadaye askari wa kuvunja.

Niliwahi kumweleza Mzee kwa lugha ya drafti, ambayo ndiyo lugha mama ya kijiwe. Nikamwambia ni kama kulisha. Unampa mtu kete moja, hana jinsi, kula ni lazima, halafu wewe unakula tatu na kuingia kingi.

Akanijibu, "Sawa, umelisha. Unakula lini?"

Siku ile niliona ni jibu la mtu aliyeshinda. Nikalipita.

## Kiti cha karibu na mlango

Kilichonisumbua wiki zile si mchezo. Ni kwamba neno la Mzee lilikuwa na miguu. Liliondoka kijiweni, likanifuata nyumbani, likaingia nami darasani.

Mimi nimekulia Kibirizi, katikati ya vichanja vya dagaa. Mama yangu alikuwa ananunua kwa wavuvi asubuhi, anaanika, anawauzia wanaosafirisha kwa treni. Mtoto wa kike pale unafundishwa mapema mahali pa kusimama. Ukisimama katikati ya njia wapagazi watakupiga kikumbo na magunia, na wala hawana kosa. Unakaa pembeni. Unaangalia. Unajifunza bei kwa kusikiliza wengine wakibishana, na ukifika umri wa kununua mwenyewe unawazidi kwa sababu ulikuwa unasikia siku zote. Mama aliniambia hivyo, na kwa biashara ya dagaa alikuwa sahihi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu na nikakutana na sataranji, nilicheza e5 kama nilivyoelekezwa. Nilikuwa nafungwa, lakini hilo si kitu, kila anayeanza anafungwa. Tatizo ni kwamba sikuwa natulia. Kila mchezo ulikuwa kama kusimama katikati ya njia ya wapagazi. Siku nilipoiona ile hatua ya farasi kwenye programu ya simu, nikaijaribu usiku mzima. Moyo ulitulia. Mweupe anapiga kelele, anakimbia mbele, na mimi niko pembeni nimeshika kikapu changu, naangalia.

Sasa Mzee amesema ninapaogopa.

Nikaanza kujitazama. Kwenye vikao vya walimu nakaa kiti cha karibu na mlango. Nasema mwisho, na mara nyingi sisemi. Mwaka jana shuleni kwetu ratiba ilipangwa upya, na vipindi vya hisabati vya kidato cha pili vikasukumwa saa za mwisho, wakati watoto wanaotembea kutoka mbali wameshachoka na wana njaa. Niliandika hoja zangu kwenye karatasi, sita, kwa mwandiko mzuri. Kikao kikaisha karatasi ikiwa ndani ya mkoba.

Je, mimi niliuchagua ulinzi huu, au ulinizoea tu kwa sababu nilikuwa tayari nimekaa pembeni?

Swali hilo ndilo lililokuwa linaniamsha saa nane usiku.

## Niliwatafuta waoga

Ulinzi wenyewe unaitwa kwa jina la Alexander Alekhine, Mrusi aliyeucheza Budapest mwaka 1921, miaka sita kabla hajawa bingwa wa dunia. Zama zile palikuwa na kundi la vijana waliochoshwa na somo moja: kwamba ufunguzi mzuri ni kuijaza katikati askari wako mwenyewe. Msimamizi mkuu wa somo hilo alikuwa Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani, mtu wa kanuni. Wakainuka kina Aron Nimzowitsch wa Riga, Richard Réti, Gyula Breyer aliyefariki akiwa bado kijana, na Ernst Grünfeld wa Vienna. Wakasema katikati si lazima uikalie. Unaweza kuitawala kwa mbali. Savielly Tartakower, mwenzao, akawapa jina ambalo kwa Kiswahili nalisema hivi: wa kisasa kupita kiasi.

Haya nimeyajua miaka. Ila Juni nzima niliyasoma upya nikitafuta kitu kimoja tu. Je, yupo hata mmoja kati yao aliyeiacha katikati kwa woga?

Chukua ulinzi wa Grünfeld, alioanza kuucheza mwaka 1922, mwaka uleule aliomfungia Alekhine mwenyewe. Mweusi anamruhusu mweupe asimamishe askari d4 na e4, wazuri kabisa. Hazipiti hatua nyingi mweusi anampiga c5, huku askofu wake wa g7 amelenga mlalo mzima. Hakuna kungoja humo. Michezo ya Nimzowitsch nayo ni hivyohivyo: anakuachia ujenge, na kabla rangi haijakauka ameshaanza kukuwekea farasi mbele ya askari wako wasitembee.

Kisha Reykjavik, mwaka 1972. Mchezo wa 13 wa pambano la ubingwa wa dunia, Bobby Fischer ana kete nyeusi, Boris Spassky anafungua e4, na Fischer anamtoa farasi f6. Ulinzi wetu. Spassky hakukimbilia kumsukuma kwa askari wanne kama Mzee. Alitosheka na wawili, akatoa farasi wake. Fischer akashinda, hatua 74. Mwishoni alikuwa anawatembeza askari wake kuelekea ukingo, huku ngome yake mwenyewe imefungiwa karibu na kona. Nimeupitia mchezo ule mara nyingi na bado kuna sehemu zake siwezi kueleza.

Sitaki kuupamba ulinzi huu kuliko unavyostahili. Programu yoyote ya leo itakwambia mweupe ana nafuu kidogo, na wakubwa wa sasa wanaucheza kwa nadra. Lakini mwoga sikumpata. Wote wale waliokaa pembeni walikuwa na jiwe mkononi.

Hilo lilinipa nafuu siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza: na mimi jiwe langu liko wapi?

## Grisi

Wiki ya tatu nilikwenda nyumbani kwa Mzee na chupa ya mawese. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniita ndani. Tulikaa uani. Sikwenda kubishana. Nilitaka tu anieleze aliona nini.

Hakunieleza. Akanisimulia meli.

Mzee alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha Liemba. Kwetu Kigoma kila mtoto anaijua hadithi ya meli ile, ila yeye anaisimulia kutoka chini, kutoka kwenye mashine. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Goetzen, wakaifungua vipande vipande, ikasafiri kwenye makasha mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya hapahapa Kigoma. Mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka 1916 vita vimewaelemea, wanaondoka, na hawataki adui aichukue. Wakaizamisha wenyewe.

"Lakini kabla ya kuizamisha," Mzee akasema, akainua kidole chenye kovu, "injini zote walizipaka grisi. Nene. Kila mahali pa kuingia maji, grisi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaja kuiinua mwaka 1924, injini zikakutwa zinafaa. Sasa Mwalimu, mtu anayezamisha meli bila grisi, huyo ameficha meli au ameitupa?"

Nikanyamaza.

"Wewe unazamisha vizuri," akasema. "Grisi sijaiona."

Njiani nikirudi, nikishuka kuelekea stesheni, nilikuwa nabishana naye kichwani. Kwanza, Wajerumani waliopaka grisi hawakurudi. Meli ilikuja kutumiwa na waliowashinda. Kama mimi ndiye Mjerumani, basi grisi yangu yote ni ya kumnufaisha Mzee. Mfano wake haukukaa sawa, na niliupenda ubishi huo kwa sababu ulinipa pa kujificha.

Kisha usiku nikaona kitu ambacho nakiandika hapa kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumwambia atakayekifurahia. Mwaka 1924, mwaka ule meli yetu ilipotolewa chini ya maji, kule New York, Réti alimfunga Capablanca, bingwa wa dunia, kwa ufunguzi wa namna hiihii ya kuiachia katikati na kuilenga kwa mbali. Capablanca alikuwa hajafungwa kwenye mashindano tangu lini? Tangu 1916. Mwaka ule meli ilipozama. Na 1927 Liemba inaanza safari kwa jina lake jipya, mwaka huohuo Alekhine anamvua Capablanca ubingwa kule Buenos Aires. Hakuna kinachounganisha mambo hayo ila miaka tu. Lakini nilikaa kitandani na tochi ya simu nikiitazama ile miaka mitatu niliyoiandika kwenye kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu Mei sikuwa na huzuni.

## "Hicho hakichezi?"

Jibu halikutoka kwa Mzee wala kwa Nimzowitsch.

Kuna mtoto wa darasa la nne, mama yake anachoma mahindi jirani na kijiwe. Akitoka shule anakuja kusimama kwenye meza yetu, mikono nyuma, haongei. Wavuvi wamemzoea. Jumanne moja nilikuwa nacheza na kijana wa bodaboda, mchezo wa kupitisha muda. Nikawa nimefikiri sana, mkono shavuni, na mtoto akaniuliza:

"Madamu, hicho kizibo hakichezi?"

Lazima niwaeleze kizibo. Seti yetu ina upungufu wa kete moja, askari mweusi, tangu kabla sijahamia kijiweni. Badala yake tunaweka kizibo cha soda, chekundu zamani, sasa kimekwanguka rangi mpaka bati linaonekana, na ukingo wake mmoja umebonyea. Nikiwa mweusi napanga mimi, na kizibo nakiweka f7. Siku zote f7. Mbele ya mfalme, upande anakokwenda kujificha.

"Kinacheza," nikamwambia. "Ni askari kama wenzake."

"Mbona hakitoki?"

Kijana wa bodaboda akacheka. Mtoto hakucheka. Alikuwa anauliza kweli. Miezi yote aliyosimama pale amejifunza kete kwa kuangalia zinavyotembea, ya farasi ameielewa, ya askofu ameielewa, na kizibo akakihesabu kuwa ni sehemu ya ubao. Kitu cha kuonyesha mahali.

Niliomba samahani, nikaacha mchezo, nikaenda nyumbani.

## Kaunta buku

Michezo yangu yote ninaiandika kwenye kaunta buku. Niliifungua mezani na kalamu nyekundu, kama nasahihisha mitihani. Nilikuwa nimecheza ulinzi ule dhidi ya Mzee mara 34. Nikatafuta hatua moja tu: askari wa f7 kusogea kabla ya hatua ya 15.

Mitano.

Katika hiyo mitano nilishinda miwili, sare miwili, nikafungwa mmoja. Katika ile 29 iliyobaki nilishinda mitatu. Najua michezo mitano haitoshi kuthibitisha kitu. Mwanafunzi akiniletea hoja ya namna hiyo nitamkata maksi, na nitamwandikia pembeni kwamba huenda aliyeshinda alisukuma f kwa sababu tayari alikuwa na nafasi nzuri. Kwa hiyo niliachana na idadi, nikaanza kupanga ubao, mchezo mmoja baada ya mwingine, nikisimama pale ambapo f6 ilikuwa inawezekana.

Ilikuwa inawezekana karibu kila mara. Hatua ya 11, ya 12. Mweupe amemaliza kutoa kete zake, askari wake wa e5 amesimama kama msumari kooni mwangu, na f6 ndiyo koleo la kuung'oa. Kwenye pambizo za michezo kadhaa nilikuwa nimeandika kwa penseli: "f6? baadaye."

Baadaye. Neno hilo nimeliandika mara kumi na moja.

Nilijua kwa nini. Ukisukuma kizibo unafungua mlango ulio mbele ya mfalme wako. Upepo unaingia. Kila kitu nilichokipanga kwa utulivu, farasi b6, askofu f5, mfalme kwenye kona, kinawekwa wazi siku moja. Niliweza kumwachia mtu katikati bila kutetemeka hata kidogo. Nilichoshindwa ni kuidai.

Mzee aliuona woga, akakosea chumba ulimokaa.

Naandika sentensi hiyo na najua nimechukua wiki tano kuifikia. Katikati sikupaogopa hata siku moja. Kuanza nje, kumwita askari anifukuze, kukaa karibu na mlango, kusikiliza bei: hayo yalikuwa yangu kwa haki, nimeyapata kwa mama yangu na sina sababu ya kuyaonea aibu. Lakini mama alikuwa anasikiliza ili anunue. Asubuhi moja moja nilimwona akiinuka kutoka pembeni, anapita katikati ya wanaume wanaobishana, anataja bei yake, anaweka mkono kwenye beseni. Wananyamaza. Hiyo sehemu niliiona kwa macho yangu na sikuibeba.

Ile karatasi ya hoja sita nimeihamishia ndani ya kaunta buku, kwenye ukurasa wa mchezo wa mwisho wa Mei.

## Jumamosi ya pili ya Julai

Mzee alikuja na shati la mikono mifupi lenye mfuko kifuani, miwani imefungwa kwa uzi. "Shikamoo Mzee." "Marahaba Mwalimu, za huko?" Tukapanga. Nikaweka kizibo f7.

Hatua kumi za kwanza zilipita haraka kama watu wanaosalimiana. Farasi akafukuzwa mara mbili. Askari wanne wakasimama. Nikala e5, naye akala kwa askari wa f. Farasi c6. Askofu wake e3, wangu f5. Farasi wake wawili wakatoka, nami nikajibu kwa e6 na askofu e7. Akamtoa askofu wa pili, e2. Nikamwingiza mfalme kwenye kona. Naye akaingiza wake.

Hatua ya 11 ilikuwa yangu.

Nilikishika kizibo. Kilikuwa na joto la jua. Vidole vyangu vilihisi ule ukingo uliobonyea, na nilijua kwamba nikikiachia hakitarudi, maana yeye ni askari na askari harudi. Mtoto wa mahindi alikuwa amesimama mahali pake, mikono nyuma.

f6.

Mzee hakuinua kichwa kwa muda mrefu. Drafti ziliendelea kugongwa. Kisha akala, askari wake wa e5 akichukua chumba cha f6, na akabaki na kizibo mkononi. Nikala kwa askofu. Sasa askofu wangu anautazama mlalo hadi d4, farasi wa c6 anaitazama d4, njia ya ngome yangu, ile ya f, haina tena askari hata mmoja, na yule farasi wa b6 aliyefukuzwa tangu mwanzo ameishikilia c4. Wale askari wake wazuri walikuwa wamebaki wawili, na wote wawili walikuwa wanaomba msaada.

Malkia wake akaja d2. Wangu e7. Ngome yake d1, yangu d8. Hatua ya 15 akafanya kile alichozoea kufanya: akasukuma c5 kumfukuza farasi.

Farasi akarudi d5.

Ni chumba kilekile alichopita akikimbia kwenye hatua ya pili. Ila tazama askari wa Mzee waliokuwa na kazi ya kumfukuza pale. Wa e hayupo tena. Wa c ameshapita mbele, yuko c5, na hawezi kurudi. Hakuna askari mweupe hata mmoja duniani anayeweza kumwondoa. Mzee aliliona hilo. Nilimwona akiwahesabu kwa kidole bila kugusa, c, e, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati.

"Enhee," akasema.

Mchezo ule nilifungwa. Kwenye hatua ya 40 na kitu nilibadilishana ngome kwa haraka, na mfalme wake alikuwa karibu zaidi na askari waliobaki. Nimeuandika wote, na kwenye pambizo sikuandika chochote kwa penseli.

Jumamosi iliyofuata tulipanga tena. Nilifungua mfuko wa kitambaa, nikatoa kete nyeusi, nikazihesabu, na kizibo hakikuwemo. Nikainama kuangalia chini ya meza, mtoto wa mahindi akainama nami. Tulipoinuka, Mzee alikuwa ameshakitoa kwenye mfuko wa shati. Akakipuliza vumbi, akanyoosha mkono kuvuka ubao mzima, akakiweka f7 mwenyewe.